Herufi za Kusomwa kwa Kidole: Jinsi ya Kuchagua Njia ya Biti kwenye Mashine ya CNC

Neno MAKTABA lina herufi saba, na tatu kati ya hizo ni A. Kwa anayesoma kwa macho, hilo halina uzito wowote. Lakini kwa anayetaka kulichonga neno hilo kwenye ubao, herufi zikiwa zimeinuka ili asiyeona azisome kwa kidole, zile A tatu ndizo zitakazoamua atumie biti gani, mashine ipite wapi na kazi ichukue dakika ngapi. Makala hii inafundisha jambo hilo hatua kwa hatua. Huhitaji kuwa mwanafunzi wa uhandisi. Mimi nasoma ualimu, upande wa elimu maalumu, na niliyoyaandika hapa nilianza kuyafuatilia nilipokuwa kwenye mazoezi ya kufundisha wilayani Lushoto.

Kwanza tuseme kwa nini hili ni letu sisi wanafunzi na si la mafundi peke yao. Tembea kwenye korido za chuo chochote uangalie milango. Mingi ina karatasi ya A4 iliyochapwa kwa kompyuta na kubandikwa kwa selotepu. Bumu likichelewa, sisi sote tunakimbilia ofisi ya mikopo. Mwenzetu asiyeona naye anakimbia, ila yeye ana kazi moja ya ziada: kumtafuta mtu wa kumsomea mlango. "Samahani kaka, hapa ni ofisi ya mikopo?" Kaka akiwa na haraka, au akiwa mgeni kama yeye, basi. Mtu mzima, mwanachuo, anasimama katikati ya korido akisubiri sauti ya huruma.

Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na mwaka 2010 Bunge likapitisha Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Kifungu cha 9 cha mkataba huo kinataka majengo yanayotumiwa na umma yawe na alama za nukta nundu na maandishi yaliyo rahisi kusomeka na kueleweka. Kwa hiyo kibao cha mlangoni ni haki iliyoandikwa. Tatizo ni kwamba kibao kilichochongwa vibaya kinaweza kumpotosha mtu kuliko kutokuwa na kibao kabisa. Hapo ndipo somo letu linapoanza.

HERUFI ILIYOINUKA NI ILE INAYOBAKI

Mashine ya CNC ni mota inayozungusha biti, huku kompyuta ikiisogeza kushoto na kulia, mbele na nyuma, juu na chini. Unachora neno kwenye programu, kisha programu inapanga mistari ambayo biti itapita. Mistari hiyo tuiite njia ya biti. Neno lile lile, kwenye mbao ile ile, linaweza kupewa njia nyingi tofauti, na kila njia inaleta herufi tofauti kidogo.

Ukichonga herufi ya kuzama, biti inapita juu ya herufi yenyewe. Ukitaka herufi ya kuinuka, mambo yanageuka: biti haigusi herufi hata kidogo. Inakula mbao yote iliyo pembeni, na herufi ni kile kinachobaki. Hiyo mbao inayoliwa tuiite uwanja. Kwa hiyo swali la kwanza kwenye herufi za kuinuka linahusu uwanja. Tuuondoeje bila kuharibu kinachobaki?

Wachongaji wa pwani wanalijua swali hili tangu zamani, kabla ya kompyuta. Angalia kizingiti cha juu cha milango ya zamani ya Zanzibar au Lamu. Penye maandishi ya Kiarabu yaliyoinuka, fundi alichora kwanza, halafu akaondoa uwanja kwa patasi, kidogo kidogo, mpaka maandishi yakasimama. Kazi ile ilikusudiwa jicho linalotazama kutoka chini, ndiyo maana maandishi yanaweza kujikunja, kupandana na kuchanganyika na maua.

Milimani Usambara kuna mfano mwingine. Huko Vuga, misheni ya Kilutheri iliendesha kiwanda cha uchapaji. Katika uchapaji wa zamani kila herufi ya risasi ilikuwa imeinuka pia, lakini ilikuwa imegeuzwa kama kwenye kioo, kwa sababu msomaji wake wa kwanza alikuwa karatasi. Ukiigusa kwa kidole unasoma kinyume.

Mlango ni kwa jicho, risasi ni kwa karatasi, na kibao chetu ni kwa kidole. Zote ni herufi zilizoinuka, lakini kila moja imechongwa kwa kumfuata msomaji wake. Kwenye ualimu tunaambiwa kila siku tuanzie kwa mwanafunzi, na kwenye mashine ni vilevile: njia ya biti inaanzia kwa msomaji.

KIDOLE SI JICHO

Jambo hili lina historia. Miaka ya 1780, Valentin Haüy alianzisha shule ya wasioona jijini Paris, na akawachapia vitabu vya herufi za kawaida zilizoinuliwa kwenye karatasi. Yalikuwa maendeleo makubwa, lakini vitabu vilikuwa vikubwa na vizito, na kusoma kulikwenda polepole, kwa kuwa herufi zile zilibuniwa na mtu anayeona. Louis Braille aliingia shule hiyo mwaka 1819 akiwa na umri wa miaka 10. Mwaka 1829 alichapisha mfumo wake wa nukta sita, uliobuniwa na mtu aliyekuwa akisoma kwa kidole mwenyewe. Huo ndio mfumo tunaouita nukta nundu.

Je, herufi za kuinuka zimepitwa na wakati? Hapana. Kuna watu waliopoteza uwezo wa kuona wakiwa wakubwa, ambao wanazijua herufi za kawaida lakini hawajajifunza nukta nundu. Kuna wenye uoni hafifu wanaounganisha jicho na kidole. Ndiyo maana kibao kizuri kina vyote viwili: herufi juu, nukta nundu chini yake.

Kwa vipimo tutumie viwango vya Marekani vya mwaka 2010 vya majengo kufikiwa na watu wenye ulemavu, kwa sababu vinaeleza kila kitu kwa namba. Vimeandikwa kwa inchi; hapa nimeweka milimita:

1. Herufi ziwe kubwa zote (MAKTABA, si Maktaba), zisizo na vikia kwenye ncha, zisizolala.
2. Ziinuke angalau milimita 0.8 kutoka kwenye uwanja.
3. Kimo cha herufi kiwe kati ya milimita 16 na 51.
4. Unene wa mstari wa herufi usizidi asilimia 15 ya kimo cha herufi I.
5. Nafasi kati ya herufi na herufi isipungue milimita 3.2, zikiwa na kuta zilizosimama wima.
6. Herufi zikae angalau milimita 9.5 mbali na fremu au pambo lolote lililoinuka.
7. Kibao kiwekwe upande wa kitasa, mstari wa herufi ukiwa kati ya milimita 1,220 na 1,525 kutoka sakafuni.

Angalia namba 4 na 5. Jicho linapenda herufi nene, zilizobanana. Kidole kinataka mstari mwembamba na nafasi, ili kijue herufi imeishia wapi na nyingine imeanzia wapi.

HESABU YA MAKTABA

Sasa tuchukue kibao chetu. Kimo cha herufi milimita 25. Asilimia 15 ya 25 ni 3.75, kwa hiyo mstari wa herufi tuupe milimita 3.5. Tukikadiria kila herufi ina upana wa wastani wa milimita 18, na nafasi kati yake milimita 5, neno zima litachukua (7 × 18) + (6 × 5), yaani milimita 156. Uwanja tuufanye milimita 220 kwa 70, ili nukta nundu nazo zipate mahali.

Biti kubwa kiasi gani? Biti ni duara. Haiwezi kuingia mahali pembamba kuliko kipenyo chake, na haiwezi kuacha kona ya ndani iliyochongoka. Nafasi ya milimita 5 kati ya herufi haipitishi biti ya milimita 6. Kwa hiyo biti ya 6 itasafisha sehemu pana tu, na kati ya herufi itabaki ukuta wa mbao usioguswa.

Halafu zinakuja A zetu. Tundu la ndani la A, lile lililo juu ya kijiti cha katikati, ni pembetatu. Kwa herufi ya kimo cha 25 na mstari wa 3.5, pembetatu hiyo inakuwa na kitako cha kama milimita 5 na kimo cha kama milimita 7. Duara kubwa kabisa linaloweza kukaa ndani yake lina kipenyo cha kama milimita 3.5. Biti ya milimita 3 inaingia, ndiyo, lakini ikishaingia haina pa kwenda. Inatoboa tundu la karibu duara, na kona zote tatu za pembetatu zinabaki zimejaa mbao.

Kwa jicho si neno. Jicho linaona umbo zima la A na kusamehe. Kwa kidole ni jambo lingine. Nilishuhudia kibao cha majaribio cha namna hiyo kikipelekwa kwa mwanafunzi wa darasa la sita asiyeona. Alipitisha kidole taratibu, akarudi, akarudia tena.

"Mwalimu, hii yenye kitobo cha mviringo ni A au R?"

Swali hilo moja lilitosha. Fundi, mzee mwenye uzoefu wa miaka mingi wa samani, alicheka akasema, "Huyu kaona kitu ambacho mimi sikukiona."

Kutatua tatizo la A kuna njia tatu. Ya kwanza, ongeza ukubwa wa herufi. Ukifanya kimo kiwe milimita 40, kila kitu kinazidishwa mara 1.6, na lile duara la 3.5 linakuwa 5.6. Biti ya 3 sasa ina nafasi ya kutembea. Ya pili, shusha kijiti cha A kidogo ili pembetatu ipanuke. Ya tatu, badilisha umbo la biti, na hii ndiyo inayotuleta kwenye kuchagua njia.

AINA TATU ZA NJIA, NA KAZI YA KILA MOJA

Njia ya kusafisha uwanja. Hii ndiyo inayoondoa mbao nyingi. Programu nyingi zinakupa mitindo miwili. Mmoja ni mistari sambamba: biti inakwenda na kurudi kama mtu anayelima shamba tambarare. Wa pili ni mizunguko: biti inafuata umbo la herufi kwa nje, kisha inazunguka tena mbali kidogo, na tena. Aliyeona matuta ya wakulima kwenye miteremko ya Lushoto anaelewa mara moja. Matuta hayaendi moja kwa moja, yanafuata umbo la mlima. Kwa kibao cha kidole, mistari sambamba inayofuata nyuzi za mbao inafaa zaidi kwenye uwanja mpana, kwa sababu alama zake zinaondoka kirahisi kwa msasa. Mizunguko mmoja au miwili iwekwe karibu na herufi tu. Alama za biti zikibaki uwanjani, kidole kitazisoma kana kwamba nazo ni maandishi.

Njia ya masalia. Baada ya biti kubwa kumaliza, programu inaweza kuhesabu ni wapi haikufika, na kuipeleka biti ndogo huko tu. Usiiambie biti ndogo isafishe uwanja wote upya.

Njia ya ukingo. Hii ndiyo inayoupa ukuta wa herufi sura ya mwisho. Unaweza kutumia biti bapa ukapata ukuta wima, au biti ya V ukapata ukuta wenye mteremko. Biti ya V ya nyuzi 60 ikizama milimita 1.5, upana wake pale juu ni milimita 1.7 tu. Kwa hiyo inaingia kwenye pembetatu ya A bila shida, na ikifika kwenye kona inapanda juu polepole na kuacha kona iliyochongoka. Ukuta nao unapanuka chini kwa karibu milimita 0.9 kila upande, kwa hiyo herufi inakuwa na kitako imara na haichomi kidole. Lakini kumbuka kuhesabu upanuko huo kwenye nafasi kati ya herufi. Kwa herufi zenye kuta za mteremko, viwango vile vile vinataka nafasi isipungue milimita 3.2 pale juu na 1.6 pale chini. Nafasi yetu ya 5 juu inabakiza 3.2 chini. Tuko salama.

Mtu anaweza kuuliza: kama biti ya V inaingia kila mahali, kwa nini tusifanye kazi yote kwa hiyo moja? Tupige hesabu. Uwanja wa 220 kwa 70 ni milimita za mraba 15,400. Tuseme biti zote zinakwenda milimita 1,200 kwa dakika. Biti ya 6 ikisogea pembeni milimita 2.4 kila mstari, itatembea kama milimita 6,400, yaani dakika 5 na kidogo. Biti ya 3 ikisogea 1.2, ni kama dakika 11. Ncha ya V inabidi isogee kidogo sana, tuseme 0.25, isiache matuta. Hapo ni milimita 61,600, yaani dakika 51. Kibao kimoja unaweza kuvumilia. Vibao 20 vya jengo moja ni saa 17 dhidi ya saa 1 na dakika 47. Kwa fundi anayelipia umeme, na kwa chama cha wanafunzi kinachochangishana, tofauti hiyo inaamua kama kazi itafanyika au la.

Ile 1,200 nayo haikutoka hewani. Unazidisha mizunguko ya mota kwa dakika, idadi ya meno ya biti, na unene wa kipande ambacho kila jino linakata. Mizunguko 12,000 × meno 2 × milimita 0.05 ni 1,200. Ukienda polepole mno huku mota inazunguka kwa kasi ile ile, jino linasugua badala ya kukata, na mbao inaungua.

MPANGILIO WA KAZI

Ukiweka yote pamoja, kibao chetu kinapita hatua hizi:

1. Sawazisha uso wa ubao kwa biti pana. Ubao uliopinda kwa milimita 0.5 utakupa herufi zenye kina tofauti mwanzo na mwisho. Ukipanga kina cha 0.8 tu, upande mmoja unaweza kubaki na 0.3, na hapo kidole hakipati kitu. Ndiyo maana mimi napendekeza kina cha 1.5.
2. Safisha uwanja kwa biti ya 6, ukiacha milimita 0.3 bila kugusa ukuta wa herufi.
3. Pitisha njia ya masalia kwa biti ya 3, kati ya herufi na kwenye kona pana, nayo iache ile 0.3.
4. Malizia ukingo kwa biti ya V. Kwa biti inayozunguka kama mshale wa saa ukiitazama kutoka juu, izungushe herufi kwa nje kwa mwelekeo huo huo wa saa, ili herufi iwe upande wa kulia wa biti. Ndani ya tundu la A na B geuza mwelekeo, mbao bado ibaki kulia. Kwa njia hii kila jino linaanza na kipande kinene na kumaliza na chembamba, na nyuzi hazichaniki. Ubaya wake ni kwamba biti huvutwa kuelekea mbele, na mashine nyepesi hutikisika. Ndiyo maana tuliibakishia 0.3 tu ya kukata.
5. Kata kibao kutoka kwenye ubao mwishoni kabisa, ukiacha vishikizo vidogo ili kisiruke.

Jambo moja kuhusu biti bapa: kuna zinazovuta vumbi juu na kuna zinazosukuma chini. Inayovuta juu husafisha vizuri kwenye kina kirefu, lakini huinua nyuzi za uso. Sisi tunachimba milimita 1.5 tu, na uso wa herufi ndio unaoguswa, kwa hiyo inayosukuma chini ni bora.

MASHARTI YA MLIMANI

Vitabu vingi vya mashine vimeandikwa kwa mtu ambaye umeme wake haukatiki. Sisi tunajijua. Umeme ukikatika katikati ya kazi, mashine nyingi ndogo husahau zilikuwa wapi. Kwa hiyo usiweke njia zote kwenye faili moja. Kila hatua iwe faili lake, tena fupi, na sehemu ya kuanzia vipimo iwe kona ya ubao ambayo haitakatwa mpaka mwisho. Umeme ukirudi unaipeleka biti kwenye kona ile ile na kuanza faili lililokatizwa peke yake. Hii nayo ni sababu ya kuchagua njia fupi: kazi ya dakika 5 ina nafasi kubwa ya kumalizika kuliko ya dakika 51.

Kuhusu mbao, Usambara ina jina kubwa. Mti wa mkulo umebeba jina la milima hii hata katika jina lake la kisayansi, Ocotea usambarensis. Lakini mkulo ni mti wa msitu wa asili, na kibao cha mlango hakistahili kuugusa msitu. Miti ya kupandwa ipo: mgrivea umejaa kwenye mashamba ya watu, na saiprasi na paini hupandwa kwenye shamba la miti la Shume. Chagua kipande kisicho na vifundo kwenye eneo la herufi, kwa sababu biti ndogo ikigonga kifundo inayumba. Hakikisha mbao imekauka. Lushoto iko kwenye mwinuko wa kama mita 1,400, na ukungu wake si mchezo. Mbao mbichi ukiichonga leo, itapinda ikikauka kwenye korido. Nyuzi ziende sawa na mstari wa maandishi, na usivutiwe na herufi ndefu kwenda juu. Mguu wa T wenye unene wa milimita 3.5 unaokatiza nyuzi utavunjika kirahisi ukiinuliwa milimita 5, lakini kwa 1.5 utadumu.

NUKTA NUNDU ZISISAHAULIKE

Chini ya herufi, kwa umbali usiopungua milimita 9.5, weka neno lile lile kwa nukta nundu. Kwa viwango vile vile, kitako cha nukta kina kipenyo cha milimita 1.5 hadi 1.6, kimo chake 0.6 hadi 0.9, na umbali kati ya nukta na nukta ndani ya herufi moja ni 2.3 hadi 2.5. Nukta inatakiwa iwe na kichwa cha mviringo. Kuichonga kwa mashine kwenye mbao laini ni kazi ngumu, na nukta zenyewe hubanduka. Njia rahisi ni kutoboa vishimo vidogo na kubana ndani yake vigololi vya plastiki au chuma vyenye ukubwa huo, vikae nusu ndani, nusu nje. Hapo njia ya biti inakuwa ya kutoboa tu, juu na chini, hakuna uwanja wa kusafisha.

Kuna mtego mmoja. Anayeandika nukta nundu kwa mkono, kwa kibao cha kuandikia na kalamu yake ya chuma, anatoboa kwa nyuma ya karatasi kuanzia kulia kwenda kushoto, kisha anageuza karatasi na kusoma kutoka kushoto. Mashine inatoboa kutoka mbele. Ukinakili mpangilio wa nukta kutoka upande wa kuandikia, kibao kizima kitasomeka kinyume, kama herufi za risasi za mchapaji.

MTIHANI WA MWISHO NI KIDOLE

Kabla ya kuchonga vibao vyote, chonga herufi nne tu kwenye kipande cha mabaki: M, A, K, B. M na K zina pembe nyembamba ambako biti inakwama, A ina pembetatu yake, B ina matundu mawili. Mpelekee msomaji asiyeona, wala usimwambie ni herufi gani. Akisita, usimsaidie. Weka alama pale aliposita, rudi kwenye programu, badilisha nafasi, biti au njia, kisha jaribu tena. Usijaribu kwa kufumba macho yako mwenyewe. Wewe tayari unajua ulichokichonga.

Wasomaji wa kutupima tunao. Wapo wenzetu vyuoni, na Lushoto kuna Shule ya Wasioona Irente, ambako kusoma kwa kidole ni kazi ya kila siku. Wakati wao na ujuzi wao tuuheshimu kama tunavyoheshimu wa fundi, ikiwemo kuwalipa.

Pendekezo langu kwa serikali ya wanafunzi ni dogo. Tuanze na milango minne: maktaba, zahanati, ofisi ya mikopo na choo. Wenzetu wa ufundi watengeneze faili, sisi wa elimu maalumu tuandae nukta nundu na majaribio, na wanafunzi wasioona ndio waseme kibao kipi kipite na kipi kirudi karakana. Mafaili yakishakamilika yawekwe wazi, chuo kingine kikitaka kibao cha MAKTABA kiyachukue bure, A zake tatu zikiwa tayari zimepimwa kwa kidole.